Maji ya Mgeni Rasmi

Ngazi za jengo jipya zilikuwa za vigae vya kung'aa, na vigae vya namna hiyo vikipata maji huteleza kuliko sabuni. Mama Dekio alikuwa anazipanda na ndoo kichwani, mkono mmoja ukutani, vidole vya miguu vimeng'ang'ania kandambili. Akifika juu anamimina, anavuta pumzi, anashuka. Shingo ilikuwa imeshaanza kulalamika na asubuhi bado mbichi.

Jina la Mama Dekio alipewa na wauguzi, likamkaa mpaka mwenyewe akawa analiitikia upesi kuliko jina la kwao. Jengo hili la wazazi alikuwa amelipiga dekio kila siku ya Mungu tangu mkandarasi alipokabidhi funguo, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kulikanyaga. Vitanda vilijipanga ndani na nailoni zake, magodoro hayajakaliwa hata na nzi. Jengo lilikuwa halijazinduliwa, na jengo ambalo halijazinduliwa, kwa akili za wakubwa, mtu hawezi kuzalia ndani yake. Basi Mama Dekio alikuwa akifuta vumbi kwenye nailoni, kisha anavuka uwanja kwenda wodi ya zamani, ambako wanawake walilala wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule, na wa tatu chini sakafuni. Alikuwa ameshazoea, na mazoea hayo yenyewe yalikuwa yanamtia hasira.

Leo hatimaye lilikuwa linazinduliwa. Mgeni rasmi angekuja, angekata utepe, kisha angefungua bomba la chumba cha kujifungulia na kunawa mikono mbele ya kamera, watu waone kwa macho yao kwamba huduma za mama na mtoto zimeboreshwa. Mabomba yalikuwepo. Masinki yalikuwepo, meupe, hayana hata mkwaruzo. Kilichokosekana ni maji, kwa sababu bomba kubwa la kutoka barabarani lilikuwa halijaunganishwa, na fundi aliyetakiwa kuliunganisha alishaacha kupokea simu. Katibu wa hospitali akajipatia ufumbuzi wake. Akaleta tangi la plastiki, akalificha darini, akalifunga kwenye sinki moja tu, lile la karibu na mlango. Kilichobaki ni mtu wa kulijaza.

"Hayo ni maji ya mgeni," alimwambia Mama Dekio, kidole juu kama mwalimu wa zamu. "Mtu asiyaguse. Hata wa kunawa kidole."

Na maji yenyewe yalitoka wapi? Yalitoka kwenye birika la zege nyuma ya wodi ya zamani, ambalo ndilo lililokuwa akiba ya mwisho ya hospitali nzima, maana mabomba ya mji yalikuwa yamekauka wiki hiyo. Kwa maneno mengine, Mama Dekio alikuwa anawachotea wazazi maji yao na kumpandishia mgeni. Alipofika ndoo ya mwisho ilibidi ainame ndani ya birika na kukwangua kwa kopo, na kilichokuja kilikuwa tope.

Angeweza kukataa? Labda. Lakini kazi za mkataba wa kienyeji zinajulikana: unakataa leo, kesho koti lako la kijani limevaliwa na mwingine. Tena alikuwa na sababu ya kutotaka kuudhi mtu siku hiyo. Humo wodini, kwenye kitanda cha karibu na dirisha lisilo na kioo, alikuwamo mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, yuko kwenye uchungu tangu jana yake.

Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkwe alikuwa na mdomo, na Mama Dekio hakuwa wa kumezea. Mkwe alitaka kwenda kujifungulia kwa dada yake, ng'ambo ya mji, jirani na zahanati ya masista. Mama Dekio ndiye aliyepinga. "Mimi niko pale miaka yote hii," alisema, "najulikana na kila mtu mpaka paka wa jikoni. Uende kwa watu baki ukafanye nini? Pale utahudumiwa kama malkia." Mwanawe, dereva wa lori aliyekuwa safarini, akasema kwenye simu, msikilize mama. Mkwe akasikiliza. Sasa malkia alikuwa amelala na mwanamke asiyemjua, na nyayo za mwenzake ziko usoni pake.

Mama Dekio alikuwa anashuka na ndoo tupu alipoitwa kutoka chini. Alikuwa mkunga wa zamu, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukesha. Alitakiwa kupokewa tangu alfajiri, lakini mwenzake wa kumpokea alikuwa ameteuliwa kwenye kwaya ya kumkaribisha mgeni, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya mwisho.

"Mkwe wako haendi," mkunga alisema. "Mtoto kalala kingamo. Tumejaribu kumgeuza, hageuki. Huyu ni wa kupasuliwa."

"Si apasuliwe, Sista? Daktari si yupo?"

"Yupo, kakaa. Chumba cha upasuaji hakina hata tone. Vyombo vya jana havijaoshwa, mashine ya kuchemshia haiwashwi ikiwa kavu. Na yeye mwenyewe anawe nini, mate?"

Mama Dekio akaweka ndoo chini. "Basi apelekwe hospitali nyingine. Gari la wagonjwa lile pale..." Akageuka kuangalia lilipokuwa linaegeshwa. Palikuwa na doa la mafuta tu.

"Limekwenda kuchukua viti," mkunga alisema. "Viti na maspika."

"Maspika?"

"Ya hotuba."

Daktari alikuwa kijana, na walimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha upasuaji, mikono juu ya magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ule uchovu wa mtu aliyepiga kelele mpaka akaona kelele hazimfikishi popote. Alimwambia Mama Dekio mambo yalivyo bila kuzunguka: akimpasua mwanamke kwa mikono michafu na vyombo vichafu, usaha utamuua, akimwacha hivyo alivyo, kizazi kitachanika, mtoto atakufa leo na mama yake atamfuata.

"Nimempigia katibu," alisema. "Kasema tuvute subira mpaka mgeni aondoke, halafu yale maji ya tangini tuyatumie."

"Mgeni anafika saa ngapi?"

"Mgeni hajatoka kwake, mama."

Mama Dekio hakukimbia kwenda ofisi ya katibu, kwa sababu miguu ilikataa, lakini alikwenda kwa mwendo ambao watu walimpisha. Katibu alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo akirekebisha tai. Nyuma yake, kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, yalikuwa yamepangwa makatoni ya maji ya chupa kwa ajili ya meza kuu. Mama Dekio aliyaona hayo kabla hajamwona mwenye ofisi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Tangi limejaa?"

"Limejaa. Bosi, nina shida. Mkwe wangu yuko wodini, anatakiwa apasuliwe, na chumba hakina maji. Naomba nichote kidogo kwenye tangi. Ndoo chache tu, mgeni atabakiwa na yake."

Katibu alimtazama kupitia kwenye kioo. "Daktari kanipigia. Nimeshamjibu."

"Hali ni mbaya, bosi. Mtoto kakaa vibaya."

"Mama Dekio, kila anayekuja hapa hali yake ni mbaya. Ndiyo maana panaitwa hospitali." Akavuta fundo la tai. "Lile tangi ni dogo. Ukichota wewe, kesho... sijui nani naye atataka. Mheshimiwa afungue bomba, litoke pumzi? Mbele ya waandishi? Unajua nani atajibu? Ni mimi nitajibu. Wewe utakuwa kwako umelala."

"Basi hata haya ya chupa."

Aligeuka sasa, akamwangalia ana kwa ana, na kwa kweli alionekana kushangaa kabisa. "Haya yana shughuli," alisema. "Hebu usinichanganyie mambo, mama. Leo ni siku ya mama na mtoto."

Alisema hivyo na uso mkavu, bila kuona kitu. Nje ya dirisha lake watu wawili walikuwa wanafunga kitambaa kirefu chenye maandishi makubwa ya kusema kwamba uhai wa kila mama ni fahari ya taifa, wakibishana kama kimepinda.

Mama Dekio alirudi wodini. Mkwe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, midomo imemkauka mpaka imepasuka. Yule mwanamke aliyelala naye alikuwa ameinuka na kusimama pembeni, ingawa na yeye alikuwa na tumbo lake, ili mwenzake apate nafasi ya kujinyoosha. Mama Dekio akakaa kwenye ncha ya godoro akamfuta mkwe uso kwa upindo wa koti lake.

"Wanasemaje?" mkwe aliuliza.

"Wanasema subiri kidogo."

"Wanasubiri nini?"

Angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuweza. "Wanasubiri mgeni aje afungue bomba."

Mkwe alifumba macho, uchungu ukapanda, ukashuka. Kisha akacheka, kicheko kifupi kikavu, na alipozungumza sauti ilikuwa ya chini. "Mama, ulisema unajulikana hapa."

"Nilisema."

"Basi fanya ujulikane. Mimi nakufa."

Hakumwambia kwa ubaya. Angemwambia kwa ubaya, Mama Dekio angejibu, wangegombana kama kawaida yao na mambo yangekwisha. Lakini mkwe alisema vile anavyosema mtu anayeomba kopo la maji, na maneno yakamwingia yule mama mahali ambapo hakuna aliyewahi kumgusa miaka yote aliyofagia hospitali ile. Akainuka. Akachukua ndoo mbili.

Mlango wa mbele wa jengo jipya ulikuwa umezungushiwa utepe, akaingia kwa mlango wa nyuma. Chumba cha kujifungulia kilinuka rangi. Akaweka ndoo ndani ya lile sinki la karibu na mlango, akalifungua bomba la mgeni. Maji yakatoka. Yalitoka safi, kwa kishindo, yakapiga kitako cha ndoo kwa sauti iliyojaa chumba kizima, na hapakuwa na kamera wala makofi, palikuwa na mwanamke mmoja wa kufagia akisema peke yake, "Toka. Toka, mwanaharamu wewe, toka."

Mlinzi wa jengo alisikia. Alikuwa mzee mwenye rungu na kofia iliyomzidi kichwa, na alimkuta Mama Dekio akitoka na ndoo zimejaa.

"Asubuhi si yalikuwa yanapanda?" aliuliza. "Mbona sasa yanashuka?"

"Katibu kasema tangi lina ukungu. Lioshwe."

Mzee alimwangalia. Akaangalia ndoo, akaangalia upande wa chumba cha upasuaji, akaangalia tena ndoo. Alikuwa na wajukuu waliozaliwa katika wodi ile, na mmoja ambaye hakutoka. "Ukungu ni kitu kibaya," alisema. "Mimi naenda msalani. Tumbo la leo hili sijui limefanyaje, nitakawia."

Mama Dekio alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi. Mkunga alivua kofia yake akabeba naye. Mashine ya kuchemshia vyombo ikanyweshwa, ikaanza kunguruma. Daktari akasimama juu ya beseni akasugua mikono mpaka kwenye viwiko, harakaharaka, huku mtu akimmiminia. Mkwe akapitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, gurudumu moja bovu likilia, na alipompita mama mkwe wake akanyoosha mkono. Hawakuwa na desturi ya kushikana mikono. Wakashikana.

"Yanatosha," mkunga alisema mlangoni. "Tangi limebaki nusu au zaidi. Nenda kalifunge, mgeni apate ya kunawia, yaishe salama. Hakuna atakayejua."

Na angefanya hivyo. Mpaka hapo Mama Dekio alikuwa mtu aliyemhangaikia wake, kama ambavyo kila mtu humhangaikia wake, na angeweza kurudi kwenye foleni ya wafanyakazi, apige makofi, apokee mshahara wake mwisho wa mwezi. Alipita wodini kuchukua dekio. Sakafuni, karibu na mlango, alikuwa ameketi msichana aliyezaa usiku. Alikuwa ameegemea ukuta, mtoto yuko mapajani, na damu ilikuwa imemkaukia miguuni mpaka kwenye vifundo. Nzi walikuwa wanatua, yeye anawafukuza kwanza kwa mtoto, halafu ndiyo kwake.

"Mama," alisema kwa aibu, "hata kopo moja la kujisafisha hakuna?"

Mama Dekio alimtazama, kisha akatazama wodi nzima, vitanda vile na vichwa viwiliviwili, mashuka yaliyokuja na watu kutoka nyumbani, ndugu walioambiwa wakanunue maji getini na wasio na ndugu wakiangalia pembeni. Wote hawa maji yao alikuwa ameyapandisha kwa kichwa chake. Hakuna aliyewauliza. Hata yeye hakuwauliza.

"Lipo," alisema. "Subiri hapo."

Akatoa maji ya mgeni yote. Aliwapitia mmoja mmoja, waliozaa na wanaongoja, na kila mmoja akapata ya kujisafisha na ya kumfuta mtoto. Ndugu wakaja na madumu, akawajazia. Bomba likaanza kukohoa, likapunguza, likadondosha, akalingoja lidondoshe mpaka mwisho. Halafu akalifunga vizuri, akafuta sinki likang'aa, akapiga dekio mahali alipomwaga. Mtu akiingia angesema chumba hakijaguswa.

Mgeni wa asubuhi alifika alasiri, na magari marefu yenye vioo vyeusi. Wafanyakazi wote waliamriwa wapange mistari miwili na makoti yao, na Mama Dekio akawekwa nyuma kwa sababu koti lake lilikuwa na maji. Kwaya iliimba. Maspika yalifanya kazi yake barabara, yalipiga kelele mpaka madirisha ya chumba cha upasuaji yakatetemeka, na yeye alikuwa ametega sikio lake lote upande ule, anajaribu kusikia sauti ndogo chini ya ile kubwa. Hakusikia kitu. Mgeni rasmi alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzuri. Alisema hakuna mama atakayepoteza uhai wake akileta uhai. Watu wakapiga makofi. Alisema zama za wazazi kulala chini zimepitwa na wakati. Wakapiga tena. Ukuta mmoja tu kutoka pale alipokuwa amesimama, watu walikuwa wamelala chini.

Mkunga alimjia kutoka nyuma, akamwinamia sikioni.

"Wa kike. Alikaa kimya kwanza, tukamsugua, akalia."

"Na mama yake?"

"Anashonwa. Kizazi kilikuwa kimeanza kuchanika." Mkunga akaelekeza kidevu kwa mgeni. "Tungengoja huyu amalize kuongea, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Mama Dekio alitikisa kichwa tu. Machozi yalitaka kuja lakini hasira ilikuwa imeziba njia.

Utepe ukakatwa. Watu wakubwa wakaingia, waandishi wakaingia, na waliobaki nje wakachungulia madirishani. Mgeni rasmi alikunja mikono ya shati, akatabasamu, akafungua bomba. Bomba likakohoa. Likatema tone moja la rangi ya chai, likanyamaza. Akafungua zaidi, mpaka mwisho. Katibu, aliyekuwa amesimama begani kwa mgeni, uso wake ulikwenda ukashuka mpaka kwenye ile tai.

Lakini wakubwa hawakosi la kufanya. Msaidizi wa mgeni, kijana mwembamba mwenye simu tatu, akanong'ona, na katoni ikaletwa. Akafungua chupa, akasimama nyuma ya sinki, akaimimina kwa juu taratibu pale bomba linapoishia. Mpiga picha akasema mheshimiwa sogea kidogo kushoto. Mgeni rasmi akanawa mikono, huku anacheka, na chupa ya pili ikafunguliwa kwa ajili ya povu. Watu wakapiga makofi. Walimwona kijana, waliona chupa, na makofi wakapiga, hata mganga mkuu wa hospitali alipiga. Mama Dekio alitazama mikono yao ile yote. Alikuwa amefikiri, mjinga yeye, kwamba bomba likikauka mbele ya kamera kuna mtu ataona haya.

Hakungoja zaidi. Alikwenda wodini. Mkwe alikuwa amerudishwa kwenye kitanda chake, na yule mwenzake amejikunja pembeni kumpisha, amebaki kwenye ncha. Ganzi ilikuwa bado mgongoni, lakini macho yalikuwa wazi. Mama Dekio akampokea mtoto. Alikuwa mdogo, amekunja uso kama mtu aliyeitwa kabla ya wakati wake.

"Kachukua pua yako," mkwe alisema. "Maskini mtoto."

Mama Dekio alikuwa anamfunika mtoto vizuri pale katibu alipoingia. Hakuna mtu wodini aliyekumbuka kumwona humo kabla. Alikuwa ameziba pua kwa leso, anachagua pa kukanyaga kati ya waliolala chini, na macho yake yalikuwa yanatafuta. Yakasimama kwenye kile kifurushi mikononi mwa mfagizi wake.

"Huyo kazaliwa leo?"

"Leo."

"Vizuri. Nipe. Mheshimiwa anataka picha na mtoto aliyezaliwa leo, kwenye kitanda kipya. Dakika mbili tu, atarudishwa."

"Na mama yake?"

"Mama si lazima."

Alisema hivyo na mkono ameshaunyoosha. Mama Dekio hakurudi nyuma wala hakumpa. Alisikia joto la mtoto kifuani na joto jingine likipanda kutoka tumboni, na kama mikono yake ingekuwa mitupu sijui angefanya nini.

Aliyezungumza alikuwa mkwe, pale pale alipolala. "Huyo mgeni yuko mbali?"

Katibu akatazama huku na huku kutafuta sauti ilikotoka. "Yuko hapo tu, jengo jipya."

"Si mbali."

"Si mbali, hapo ng'ambo ya uwanja."

"Basi mwambie aje," mkwe alisema. "Kama si mbali."

Katibu alitazama sakafu, kuta, ndoo ya uchafu iliyofurika, msichana aliyeegemea ukuta. "Huku hakufai," alisema, na lilikuwa ndilo neno la kweli pekee lililotamkwa na mkubwa yeyote siku ile. Akajivuta, akamgeukia mwanamke wa kitanda cha pili. "Wewe, mtoto wako?"

"Amelala," mwanamke akasema, akamfunika.

"Na wewe?"

"Amelala."

"Huyu naye amelala," akasema msichana wa sakafuni, na wa kwake alikuwa analia kwa sauti yake yote, miguu juu. Mtu akacheka nyuma huko. Katibu alizunguka wodi nzima na kila alipofika mtoto alikuwa amelala.

Alirudi kwa Mama Dekio, akamsogelea karibu. "Ni nani kateremsha yale maji?"

"Ni mimi."

"Unakubali?"

"Nakubali. Nimeyarudisha yalikotoka."

Labda alitegemea aombwe radhi, kwa sababu alingoja. Alipoona haiji, akasema, "Hiyo inaitwa hujuma. Vua koti la hospitali. Kesho usije."

Mama Dekio akampa mkwe mtoto, akavua koti, lilikuwa bado limelowa mabega, akampa mkononi. Katibu alilishika kwa vidole viwili akatoka nalo. Baada ya muda magari yalisikika yakiondoka na ving'ora vyao, kisha mnyororo ukasikika ukipitishwa kwenye milango ya jengo jipya. Limeshazinduliwa, linangoja maji.

Hapo ndipo alipokaa chini, sakafuni kati ya vitanda, mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulithubutu akiwa na koti. Alikuwa amemwaga unga, na mwanawe alikuwa bado hajui kama ana mtoto wala kama mama yake hana kazi.

Mkwe alikuwa anamtazama kutoka juu, mtoto yuko kifuani. Alilamba midomo yake iliyopasuka.

"Mama," aliuliza, "birika limebaki kitu?"

"Hakuna. Nilikwangua mpaka chini."

"Na tangi?"

"Hakuna."

"Kesho tutaoga nini?"

Vitanda vya jirani vilikuwa vimesikia. Mazungumzo yakakatika moja baada ya jingine, na wanawake wakageuza vichwa kumwelekea yule aliyeketi sakafuni, wakimngojea awajibu.